Shangazi, benki inadai milioni 13.9 na mume wangu hataki kusikia neno mapatano

Shangazi shikamoo.

Mi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Mtwapa, na mimi na mume wangu tuna hadiwea pale kando ya barabara ya Malindi, tunauza simiti, mabati, misumari, rangi, mabomba, yani kila kitu cha ujenzi. Nakuandikia manake nyumbani hili jambo halizungumziki tena, nikilitaja tu mtu anaacha chakula mezani anatoka nje.

Stori yenyewe ni hivi. Mwezi wa kumi 2018 tulichukua mkopo benki, milioni 6, tulipe kwa miaka saba, riba asilimia 13. Dhamana tukaweka hati mbili, ya ploti ya duka na ya nyumba tunayolala, zote ziko kwa jina la mume wangu, na mimi kama mke nikaitwa kwa wakili nikasaini kwamba nimekubali. Tukalipa vizuri kabisa bila kuruka mwezi. Mwanzo wa 2020 ikaingia mesej kwa simu kwamba riba imepanda, mume wangu akaenda kumuuliza meneja, akaambiwa ile sheria ya kufunga riba imeondolewa sasa kila benki inapanga yake. Kabla hatujakaa sawa ikaja korona, mwezi wa nne Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia, mahoteli yakafunga, wale watu wa ng'ambo waliokuwa wanajenga huku wakasimamisha mafundi, na sisi tuna simiti stoo inagandia kwenye mifuko kwa hii hewa ya bahari mpaka ukiipiga teke inaumiza mguu. Benki ikatupa nafasi ya kupumua karibu mwaka mzima, hapo nasema ukweli walitusaidia, mume wangu akasaini karatasi, lakini ile nafasi ilipoisha 2021 malipo ya kila mwezi yakarudi makubwa kuliko yale ya zamani na biashara haijarudi hata nusu. Katikati ya mwaka huo tukashindwa kabisa. Stetimenti ya wakati huo ninayo, tulikuwa tumebakisha milioni 5.1.

Mwaka uliofuata madalali wakaja. Walibandika karatasi kwenye mlango wa duka, kuna mteja amesimama namkadiria misumari ya inchi tatu kilo mbili huku yeye anasoma jina la mume wangu kwa sauti, akanigeukia akauliza, mama, hawa si ndo nyinyi? Tangu siku hiyo mume wangu si yule ninayemjua.

Tukaenda kortini. Loya wa kwanza alitaka niape kwamba mimi sikusaini kitu, eti mke akikataa dhamana inaanguka, nikamwambia siwezi kuapa uongo nimesaini na jina langu liko pale, mume wangu akakaa wiki hanisemeshi. Kesi ikapelekwa mahakama ya ardhi, tukapata oda ya kuzuia mnada, halafu ni kuahirishwa na kuahirishwa, mara jaji yuko likizo, mara faili haionekani, mara loya wa benki ni mgonjwa, mpaka 2024 tukaambiwa hii kesi hata haikutakiwa kuwa hapa, deni la benki ni la Mahakama Kuu. Tukaanza upya na loya mwingine. Mwezi wa tatu mwaka jana tukapata oda nyingine lakini jaji akasema kwanza tuilipe benki laki tano, tukauza pikapu ya duka tukalipa. Saa hizi mzigo tunakodi tuktuk.

Sasa benki imeleta barua. Deni kwa vitabu vyao ni milioni 13.9 lakini tukilipa milioni 7.5 ndani ya siku 90 wanafunga kila kitu na wanarudisha hati zote mbili. Mume wangu aliisoma akaitia kwenye faili akasema hawa wameogopa, wameona tunashinda. Anasema Mahakama ya Juu 2025 ilishaamua benki zilizopandisha riba kiholela zimevunja sheria kwa hivyo deni letu limekufa na tutalipwa fidia juu. Usiku anaamka anafungua hiyo faili, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu mpaka kurasa zingine zimetoboka. Presha imempanda. Kijana wetu wa pili yuko Form Three na karo tunalipa kwa vipande.

Mimi nimechoka Shangazi. Kuna mtu ameniuliza kimyakimya kama tunaweza kuuza ploti ya duka, tangu barabara ianze kupanuliwa bei zimepanda sana upande huu. Lakini nikisema tukubaliane na benki si nitakuwa nimemsaliti mume wangu baada ya miaka yote hii? Na hata tukikubali, milioni 7.5 kwa siku 90 tutaitoa wapi? Nisaidie.

Mama wa Watatu, Mtwapa

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi manake umeniandikia namba, wengi wananiandikia machozi matupu halafu nabaki kubahatisha. Kwa hivyo wacha nianze na namba.

Tuseme mumeo ana haki kwa kila kitu. Tuseme jaji anakubali riba haikufaa kupanda hata nukta moja, inabaki asilimia 13 mliyosaini 2018. Asilimia 13 ya milioni 5.1 ni shilingi 663,000 kwa mwaka, na tangu mshindwe katikati ya 2021 imeshapita miaka minne na nusu, hiyo ni karibu milioni 3. Jumlisha na milioni 5.1 unapata milioni 8 na kitu kidogo, toa laki tano mlizolipa kwa amri ya korti, mnabaki na kama milioni 7.58, na hapo nimehesabu riba nyepesi, sijaifanya izae riba nyingine vile benki zinavyofanya. Sasa angalia barua ya benki inasema ngapi. Milioni 7.5.

Hiyo ndo mumeo hajaiona kwa sababu amekaa ndani ya hiyo faili muda mrefu anatafuta makosa ya benki, na makosa yako, simkatalii. Lakini kushinda kesi ya riba hakufuti mkopo. Pesa mlichukua mkanunua mzigo, na hakuna jaji Kenya nzima atakayesema hizo milioni 5.1 ni zawadi.

Sasa haki zenyewe mnazo, na lazima mzijue vizuri kwa sababu hizo ndizo nguvu zenu mezani. Kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki, kilichoanza kazi mwezi wa tano 2007, kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, yani umekaa siku 90 haujalipwa, benki haiwezi kudai riba inayozidi ile pesa yenyewe ya mkopo iliyokuwa imebaki siku hiyo. Nyinyi mlibakisha 5.1, kwa hivyo riba mwisho wake ni 5.1 nyingine, jumla 10.2, na juu ya hapo ni gharama zao za kudai tu kama madalali na mawakili. Wao wanasema 13.9. Basi waonyeshe risiti za milioni 3.7, na hizo sidhani wanazo. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi, hicho kikomo hakizuii riba ile inayotokana na hukumu ya korti yenyewe. Siku jaji akisoma hukumu kwamba mnadaiwa kiasi fulani na riba juu yake, hiyo riba mpya inakimbia nje ya kikomo mpaka mlipe. Ndo maana kesi ya deni ni afadhali kuimaliza kwa mapatano kabla ya hukumu.

Kuhusu hiyo kesi ya Mahakama ya Juu mumeo hajakosea kabisa. Ni kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, na mwaka 2025 majaji walisema kupandisha riba ya mkopo nako kunahitaji idhini ya Waziri wa Fedha chini ya kifungu cha 44, si tu zile ada ndogondogo za benki. Ni uamuzi mkubwa kwa watu kama nyinyi. Na zaidi ya hapo, mkopo wenu wa 2018 ulitolewa wakati ile sheria ya kufunga kiwango cha riba iliyoanza Septemba 2016 bado iko, na sheria iliyoiondoa Novemba 2019 ilisema mikopo ya kipindi hicho iendelee na masharti yake, riba ikiwemo. Meneja aliyemjibu mumeo kwamba sasa kila benki inapanga yake alikuwa anaongelea mikopo mipya. Ila mwanangu itafute ile karatasi ambayo mumeo alisaini 2020 mlipopewa nafasi ya kupumua, uisome mstari kwa mstari, kwa sababu kama mle ndani imeandikwa riba mpya na sahihi yake iko chini, benki itang'ang'ania hapohapo na itasema mlikubali wenyewe. Mpelekee loya hiyo karatasi kabla hujampelekea kitu kingine.

Lakini hata ukivipanga vyote hivyo, kinachopatikana ni hesabu kusahihishwa. Na hesabu nimeshakufanyia hapo juu.

Kuna njia nyingine mawakili wanaipenda, ya notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka benki ikupe notisi ya miezi mitatu kwanza, halafu notisi nyingine ya kuuza ya siku 40, halafu dalali naye akupe zake 45, na mali ithaminiwe kabla ya mnada, na wakiuza kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, korti inachukulia kwamba wamekosa wajibu wao mpaka waonyeshe vingine. Wakiruka hatua yoyote mnada unasimamishwa, lakini ni kusimamishwa tu, kwa sababu benki inaandika notisi upya inaanza kuhesabu siku upya na nyinyi bado mnadaiwa. Mmenunua muda. Muda ni mzuri ukiwa na kitu cha kufanya nao, lakini nyinyi kila mwaka unaopita mnaongezewa 663,000 hata kwa riba ile ya haki, na bado loya hajalipwa.

Ya fidia sitaki kukupa matumaini ya uongo. Anayedai fidia ya biashara lazima alete vitabu, mauzo ya kabla na baada, kodi mlizolipa KRA, na aonyeshe kwamba hasara ililetwa na benki, si korona wala mahoteli kufungwa. Kama vitabu mnavyo na vinasema hivyo mwambieni loya. Kama hamna, basi hiyo pesa msiihesabu kabisa kwenye mipango ya nyumba.

Kwa hivyo mimi nasema kaeni mezani, na mkae wakati kesi bado iko hai. Watu wanaharibu hapa, wanasikia benki imelegea wanafuta kesi kwa furaha, wiki mbili baadaye dalali yuko getini kwa sababu ile barua ilikuwa na masharti hawakuyaona. Usifute chochote. Loya wenu awajibu kwa maandishi kwamba milioni 7.5 mnaikubali kama msingi lakini siku 90 hazitoshi, ombeni miezi sita, wakikataa shikeni minne, na waseme wazi kwamba tangu siku ya kusaini riba imesimama. Halafu hilo lote liandikishwe kortini mbele ya jaji, mawakili wanaita konsenti, liwe amri ya korti inayowabana wote wawili. Ndani yake iandikwe hati zote mbili zinarudi lini na nani analipia kuondoa dhamana kwenye rekodi za ardhi, kila upande ubebe gharama zake za kesi, na benki ipeleke CRB, wale wanaotunza rekodi za wakopaji, taarifa kwamba deni limeisha. Hiyo alama ya CRB haitafutika siku hiyo, itakaa miaka mitano tangu mmalize kulipa, lakini itasomeka mmelipa, na muuza simiti wa jumla akitaka kuwapa mzigo kwa mkopo hiyo ni tofauti kubwa. Na soma vizuri panaposema mkikosa tarehe itakuwaje. Benki nyingi zinataka iandikwe kwamba mkichelewa hata siku moja lile punguzo linakufa, deni lote linarudi na wanauza bila notisi nyingine. Hapo pigania angalau mpewe siku 30 za ziada.

Pesa itoke wapi? Umejibu mwenyewe bila kujua, ile ploti ya duka. Kuuza wenyewe kwa mteja wenu, benki ikiwa imekubali kwa barua na pesa zikipitia kwa mawakili, ni bora mara nyingi kuliko mnada ambapo watu wanakuja kutafuta cha bei ya kutupa. Na mnada una ubaya mwingine, nyundo ikishagonga, haki ya kuikomboa mali imekwisha, hata mkionyesha baadaye kwamba benki ilikosea mnabaki na madai ya pesa tu, ploti ni ya aliyenunua. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa awape bei ya leo, msimtegemee huyo anayekuuliza kimyakimya, anajua mna shida. Bei ikizidi milioni 7.5 chenji ndo mtaji wa kukodi duka jingine, na nyumba mnayolala inabaki yenu. Hadiwea inaweza kuendeshwa kwenye duka la kukodi, wengi pale Mtwapa wanafanya hivyo na wanakula.

Haya, mumeo. Umeniuliza kama utakuwa umemsaliti. La, na wewe uliyekataa kuapa uongo mbele ya korti umemkinga na jambo baya kuliko mnada, kwa sababu ile sahihi ingetolewa mbele ya jaji na hapo hakuna neno lenu lingine lingeaminika tena. Uliposhika ukweli ulikuwa unamshikia na yeye.

Ila usimwendee na habari ya kuchoka. Mwanamume aliyesomwa jina lake kwa sauti mlangoni pa duka lake hapigani na benki kwa ajili ya riba, anapigania lile jina, na ukimwambia tuache atasikia kwamba umekubaliana na ile karatasi ya dalali. Mwambie ukweli ambao unamfaa: benki ilianza na 13.9 sasa iko 7.5, hizo milioni 6.4 hazikushuka kwa huruma, zimeshuka kwa sababu yeye alisimama. Asingesimama hiyo ploti ingekuwa imeuzwa zamani na nyumba juu yake. Anaposema wameogopa, kuna ukweli ndani yake, na mtu akishaogopa ndo wakati wa kusaini naye, kesho anaweza kubadilisha loya akapata moyo. Halafu usibebe mazungumzo haya peke yako. Mtafuteni mhasibu akokotoe mkopo upya tangu 2018 kwa asilimia 13, kila malipo na tarehe yake, halafu mkae watatu kwa ofisi ya loya, wewe, yeye na loya, hesabu iko mezani. Atabisha na wewe, atabisha na mimi, lakini namba alizoomba mwenyewe kwa mtu aliyemlipa mwenyewe atazisikiliza. Kama kuna mzee anamheshimu, kaka yake mkubwa au imamu au mchungaji, aje naye siku hiyo. Na presha apelekwe hospitali wiki hii, si baada ya kesi.

Jambo la mwisho nimeliweka hapa lakini wewe lifanye kwanza kabla ya yote. Umesema oda ya kuzuia mnada mliipata mwezi wa tatu mwaka jana. Kanuni za mahakama, Order 40 kanuni ya 6, zinasema oda kama hiyo inakufa yenyewe baada ya miezi 12 kama kesi haijaisha, isipokuwa korti iongeze kwa sababu nzuri. Yaani inaweza kuisha na nyinyi mnadhani mmekingwa, na benki haina wajibu wa kuwakumbusha, na barua ya siku 90 mkononi haimzuii dalali. Mpigie loya kesho asubuhi umuulize imeandikwa tarehe ngapi na kama ameshaomba iongezwe. Asipojua jibu nenda ofisini kwake ukae pale mpaka ombi liandikwe.

Shangazi